MSINGI WA TANKI YETU YA MAJI



Tangu tanki nyeusi ya lita 5000 ilipofika na kulazwa nyuma ya bweni la wavulana, maneno yamekuwa mengi hapa masomo. Kuna wanaosema iwekwe leo leo juu ya matafari, maji yaanze kutoka, basi. Kuna wengine wanaotaka mnara wa vyuma wa mita 3, sawa ile wanayoona mu maparsele ya Lubumbashi, ili internati yetu ipate dushi. Bwana Prefe amewapa wanafunzi wa darasa la kumaliza kazi ya kupanga msingi wake mu wakati huu wa kiangazi, na ametuomba sisi tulio makapita tueleze mpango wetu katika gazeti hili mbele mtu yeyote hajashika pele. Ndiyo sababu ya somo hili.

Tuanze na uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 5000 ni kilo 5000, ndiyo kusema tani 5, na tanki yenyewe tupu tuihesabu kilo 100. Hiyo ni kamyo ndogo iliyojaa mzigo, na chini yake watasimama wadogo wetu na ndoo asubuhi na jioni. Kwa hiyo hatusemi juu ya uzuri wa kazi. Tunasema juu ya kitu ambacho hakina ruhusa ya kuanguka.

Katika parsele moja ya hapa mjini tuliona mwaka uliopita tanki ya lita 2000 iliyosimama juu ya miguu minne ya matafari. Mu mvua za Januari mguu mmoja ulizama. Hakuna aliyeona, sababu ulizama kidogo kidogo. Usiku mmoja tanki ililala juu ya ukuta wa jikoni, ukuta ukavunjika. Kwa bahati hakukuwa mtu. Matafari ya ile miguu yalikuwa ya kuchoma na mazuri, na simenti yake haikuwa mbaya. Kilichokosa ni udongo.

NGUVU NI KIDOGO KULIKO MNAVYOFIKIRI

Mwalimu wetu wa fizika alitufundisha kwamba kinachoumiza si uzito peke yake, ni uzito ukigawanywa na uwanja unaoubeba. Mama aliyevaa viatu vya kisigino chembamba anazama mu udongo laini, na mwenzake mnene mwenye kandambili anapita bila shida. Tufanye hesabu hiyo kwa tanki yetu.

Chini yake ni mviringo wa mita 1,80. Uwanja wake ni mita mraba 2,54, ndiyo sentimita mraba 25 400. Kilo 5100 ukizigawa na 25 400 unapata kilo 0,2 kwa kila sentimita mraba moja. Hiyo ni ndogo sana! Mwanafunzi wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, na chini ya mguu ikiwa na sentimita mraba 150, anakandamiza udongo kwa kilo 0,4. Ndiyo kusema kapita akisimama kwa mguu mmoja anasukuma udongo mara mbili kuliko tanki iliyojaa. Wengi walicheka tulipoandika hesabu hii ubaoni, lakini walipoirudia wenyewe walipata jibu lile lile.

Sasa weka tanki ile ile juu ya miguu minne, kila mguu sentimita 30 kwa 30. Mguu mmoja ni sentimita mraba 900, yote minne ni 3600. Kilo 5100 kugawa 3600 ni kilo 1,4. Imekuwa mara saba. Na udongo wa mfinyanzi ulio laini, ukiisha kulowa na mvua, hauvumilii hata kilo 1 kwa sentimita mraba. Mu kiangazi miguu ile inasimama sawa jiwe, na kila mutu anapita anasema kazi ni nzuri. Mvua inakuja Novemba, inapiga mpaka Machi, udongo unakuwa kama bukari isiyoiva, na hesabu inaanza kulipwa.

Tena kuna jambo la pili. Mguu mmoja ukizama sentimita 2 kwenye mnara wenye upana wa mita 2, juu ya tanki, kwenye mita 5, inasogea sentimita 5. Uzito nao unahamia upande ule ulioinama. Mguu ulio dhaifu ndio unaoongezewa mzigo. Mpira wa maji unavutika, kiungio kinaanza kuvuja, maji yanaangukia pembe ile ile iliyo dhaifu, inalainika zaidi, inazama zaidi. Hivi ndivyo vitu vizito vinavyoanguka: vinainama polepole miezi mingi, kisha vinaanguka mara moja.

Wale wa mnara wasituchukie. Mnara unawezekana. Ukiwa na bamba la betoni la mita 1 kwa 1 chini ya kila mguu, uzito utaenea vizuri. Lakini unaomba vyuma vizito, fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi, na feza ambazo masomo haina. Na mutapata nini? Maji yanahitaji kimo cha mita 10 ili yawe na nguvu ya bari 1. Mita 3 zinakupa bari 0,3, dushi ya kudondoka tu. Ndoo haiombi nguvu. Kwa ndoo, robineti ikae sentimita 60 juu ya ardhi, inatosha. Sisi tunachagua msingi wa chini, mpana, wa majiwe, wa sentimita 60. Anayetaka dushi aje na ndoo yake.

ICHULU

Mahali palipopendwa kwanza ni pale palipo sawa nyuma ya bweni, karibu na foraji. Ni tambarare, hakuna mti, na mpira wa maji ungekuwa mfupi. Lakini Papa fundi, yule mzee aliyejenga sehemu ya madarasa yetu, alipofika alitazama tu akasema: «Bana bangu, hapa hapana. Hapa kulikuwa ichulu. Tuliikata siye benyewe ju ya kufanya matafari.»

Ninyi mliotoka mijini mjue kwamba ichulu, ao kichuguu, ni kitu kikubwa katika inchi yetu. Kati ya Sakania na Lubumbashi vinaonekana kila mahali katika miombo: vilima vya mita 5 na zaidi kwenda juu, upana hata mita 15, vyenye miti yake mwenyewe juu. Aliyevijenga ni mchwa mdogo, ambaye watu wa sayansi wanamwita Macrotermes falciger, ndugu za wale wenye mabawa tunaowaokota chini ya taa mvua zikianza na kuwakaanga, inswa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent huko Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walichapisha vipimo vya umri wa vichuguu vya Katanga. Kimoja kilikuwa na zaidi ya miaka 2000. Wadudu walikuwa wanajenga pale kabla ya mji wowote kuwa na jina hapa.

Udongo wa ichulu ni mfinyanzi ambao mchwa ameupandisha kutoka chini, chembe kwa chembe. Kwa matafari hakuna mzuri kuliko huo, na nyumba nyingi za Katanga zilitoka ndani ya vichuguu. Lakini kujenga kwa udongo ule na kujenga juu ya mahali pake ni mambo mawili. Kwanza, chini ya ichulu iliyokatwa kunabaki matundu na vyumba. Mchwa hakujenga juu tu, alichimba chini pia. Pili, mfinyanzi ule ukilowa unakuwa laini. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, ichulu ina mwisho wake. Msingi wako unaweza kukaa nusu juu ya ichulu na nusu juu ya udongo wa kawaida. Kama yote ingezama sawasawa, tanki ingeshuka wima na hakuna taabu. Inapozama nusu tu, inainama.

Hatukutaka kumwamini Papa fundi kwa sababu ya mvi zake tu, kwa hiyo tulipima. Tulichukua chuma kirefu chenye ncha, tukakipiga kwa nyundo ile ile na mtu yule yule. Mahali pa ichulu kilishuka sentimita 80 bila kujibu kitu. Tulihesabu hatua kuelekea jikoni tukijaribu tena na tena, na kwenye mita 14 chuma kilisimama kwa sentimita 35, kikalia kama kimegonga sahani. Pale ndipo penye udongo mwekundu mgumu, wenye chembe za chuma, ule unaoumiza mikono wakati wa kuchimba vyoo. Tulichimba pia shimo dogo mahali pa kwanza, tukamwaga ndoo ya maji. Yalipotea ndani ya tundu sawa vile mtu anakunywa.

Kwa hiyo mpango wetu unasema: tanki ihamishwe mita 14. Mpira utakuwa mrefu zaidi, na wasichana watakuwa karibu kuliko wavulana, jambo ambalo limekwisha kuleta malalamiko. Malalamiko hayo tumeyasikia. Udongo haujui bweni.

MNARA WA PISA NA RELI YA SAKANIA

Kuna mnara unaojulikana dunia nzima kwa sababu ya kosa hili. Uko Pisa, mji wa Italia. Walianza kuujenga mwaka 1173, juu ya udongo laini ambao upande wa kusini ulikuwa dhaifu kuliko upande wa kaskazini, na msingi wake haukuenda chini kuliko mita 3 hivi. Mwaka 1178 ghorofa ya tatu ilikuwa inajengwa na tayari umeanza kuinama. Kazi ilisimama karibu miaka 100, na kusimama huko ndiko kulikouokoa, sababu udongo ulipata wakati wa kukandamizwa na kukaza. Waliporudi walijaribu kunyoosha ghorofa za juu, lakini mnara uliendelea kuinama karne kwa karne. Mwaka 1990 ulifungwa kwa hofu ya kuanguka.

Sasa sikieni namna ulivyotengenezwa. Wainjinia hawakusukuma mnara. Walichimba kwa mabomba membamba chini ya upande wa kaskazini, ule ulio juu, wakatoa udongo kidogo kidogo, jumla mita za ujazo 38 hivi, ili upande ule nao ushuke. Mnara ulirudi nyuma zaidi ya sentimita 40, na Desemba 2001 ulifunguliwa tena. Ugonjwa ulikuwa udongo, dawa ikawa udongo. Lakini kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi na wakubwa wa elimu wa dunia. Kwetu ni afazali kuchimba mbele.

Mfano mwingine hauko mbali, tunaukanyaga kila siku. Reli kutoka kusini ilifika hapa Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Gari-moshi lenye mzigo wa shaba ni zito mara nyingi kuliko tanki yetu, tena linatikisa. Kwa nini reli haizami? Chuma cha reli kinalala juu ya mataruma, mataruma yanalala juu ya majiwe yaliyovunjwa, majiwe yanalala juu ya tuta. Kila mara uzito unashuka, uwanja unaongezeka. Na yale majiwe yana kazi ya pili ambayo wengi hawaioni: maji ya mvua yanapita katikati yao na kwenda zake, hayakai chini ya mataruma.

Kuna mtu, hatutaji jina, aliyetoa shauri kwamba tuokote majiwe ya reli kwa msingi wetu kwa kuwa yapo karibu na yamevunjwa tayari. Hapana. Ni mali ya SNCC, na kila jiwe pale liko kazini. Majiwe yetu tutayaokota shambani.

KAZI YENYEWE

Msingi ni mraba wa mita 2,50 kwa kila upande. Kwanza tunaondoa majani, mizizi na udongo mweusi wa juu wote. Udongo mweusi una majani yaliyooza ndani yake, na kinachooza kinaacha nafasi. Uende kwenye bustani ya mchicha, huko una faida.

Kupata pembe zilizo sawa hakuombi chombo cha feza. Kamba tu. Kutoka pembe moja pima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule. Kati ya alama hizo mbili lazima kuwe mita 5 kamili. Ndiyo Pitagora wa mwaka wa tatu, wale wanaouliza kila siku atatusaidia nini maishani. Kisha pima mraba wetu kutoka pembe mpaka pembe: njia zote mbili ziwe mita 3,54. Kama moja ni ndefu, mraba umelala, sogeza vijiti.

Mfereji wa kuta unachimbwa upana wa sentimita 50, na kina mpaka tufike udongo mgumu kisha tuingie ndani yake. Tunahesabu sentimita 50. Lakini kipimo ni udongo, si namba. Pembe moja ikibaki laini, pembe hiyo inachimbwa zaidi hata kama wengine wamekwisha kuosha mikono. Tunajua wote ule mfano wa Yesu wa nyumba mbili. Matayo anasema mwenye akili alijenga juu ya mwamba, lakini Luka anaongeza kwamba yule mtu alichimba, tena chini sana, mpaka akaufikia. Luka labda alipata kuona wajenzi kazini.

Ndani ya mfereji tunajenga ukuta wa majiwe, unene sentimita 40, mpaka sentimita 60 juu ya ardhi. Tumechagua majiwe kuliko matafari sababu tafari lililochomwa vibaya likikaa mu maji miaka mitatu linarudi kuwa udongo. Yanatakiwa karibu mita za ujazo 3,7 za majiwe. Makubwa yakae chini na kwenye pembe, na kila jiwe lilale upande wake mpana, lisisimamishwe kwa ajili ya uzuri. Simenti ya kuyaunganisha tunahesabu mifuko 8.

Sasa kuna sanduku la majiwe lililo tupu katikati. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa tunaomba subira ya wavulana wenye haraka. Kujaza sanduku kwa mara moja na kukanyaga juu haifai. Juu itakuwa ngumu na chini itabaki na hewa. Mvua mbili tu, udongo unashuka, betoni inabaki ikining'inia, tanki ikijaa inapasuka. Tunajaza kwa udongo mwekundu wenye chembe, tabaka la sentimita 15. Tunanyunyiza maji kidogo, udongo ushikamane mkononi lakini usichafue vidole. Tunapiga kwa gogo zito lenye mpini mpaka sauti ibadilike. Ndiyo, sauti. Udongo uliolegea unasema «pu», uliokaza unasema «ta». Kisha tabaka lingine. Matabaka ni manne, na kila tabaka litakuwa na zamu yake, ili wasichoke wale wale.

Hakuna kipande cha ubao, mzizi ao karatasi ya mfuko kubaki ndani. Ni kumwalika mchwa, naye haombwi mara mbili.

Juu ya yote inakuja bamba la betoni, unene sentimita 12. Mita 2,50 kwa 2,50 kwa 0,12 ni mita za ujazo 0,75, na kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne inaomba mifuko 5 ya simenti. Mfuko mmoja wa kilo 50 una lita 35 hivi. Tunautia mchanga lita 70 na majiwe madogo ya gravie lita 140. Kwa ndoo za lita 20 ni mchanga ndoo 3 na nusu, gravie ndoo 7. Maji ni lita 25 kwa mfuko, na hapa tunataka kusema kwa nguvu. Kila mwanafunzi anayechanganya betoni anataka kuongeza maji, sababu inakuwa nyepesi kwa pele. Maji yale ya ziada yatakauka na mahali pake patabaki matundu madogo yasiyoonekana. Betoni ya mvivu ni rahisi kumwaga na rahisi kupasuka. Mchanga uoshwe kama una udongo: tia kidogo katika chupa ya maji, tikisa, acha itulie, na ukiona tabaka nene la matope juu ya mchanga, usiutumie.

Ferabeto ni za milimita 8, zimefungwa kama wavu, kila sentimita 20. Zinatoka 13 upande huu na 13 upande ule, za mita 2,40. Chuma cha mita 12 kinatoa vipande 5, kwa hiyo tununue vyuma 6. Wavu usilale chini. Uinuliwe kwa vijiwe sentimita 4, betoni iufunike pande zote, ama sivyo kutu itaula.

Kupima usawa tutatumia mpira mwangavu uliojaa maji, sawa Papa fundi anavyofanya. Maji katika ncha mbili za mpira yanasimama kimo kimoja, hata kama nyumba nzima iko katikati. Lakini toeni kwanza mapovu ya hewa yote, hata moja likibaki linadanganya.

Mu Juni na Julai hewa ya hapa ni kavu, na upepo unaikausha betoni mbele haijapata nguvu. Betoni haikauki kama nguo. Inakula maji yake ili iwe jiwe. Kwa hiyo tutaifunika magunia na kuyalowesha asubuhi, saa sita na jioni siku 7. Wa zamu watakaosahau watajulikana, sababu bamba litaonyesha nyufa. Nguvu yake yote inahesabiwa kwa siku 28. Tanki ipandishwe hapo, si mbele.

Neno juu ya maji yanayomwagika. Robineti ya masomo inadondoka, hiyo ni sheria ya dunia, na ndoo zinafurika. Msingi mzuri unaweza kuuawa na robineti yake yenyewe. Tutaweka chini ya robineti sakafu ndogo yenye mtelemko wa sentimita 2 kwa kila mita, na mfereji wa kupeleka maji mbali kwenye migomba ya jikoni.

Wa klabu ya bustani waliuliza kama mpango huu unafaa kwa depo ya majembe wanayotaka kujenga. Depo ni nyepesi, shida yake ni nyingine: upepo wa mbele ya mvua unainyanyua. Udongo mzuri na maji yapelekwe mbali, hayo ni yale yale. Lakini nguzo zake zifungwe kwa chuma kilichozama ndani ya betoni. Majiwe ya mita 3,7 hayahitajiki.

SIKU YA KUJAZA

Hatutajaza tanki mara moja. Siku ya kwanza lita 1000, tunapima pembe nne kwa mpira wa maji. Siku ya pili lita 2500. Siku ya tatu tunajaza. Tumepiga hesabu pia ya uzito wote ulio juu ya ardhi, sababu majiwe na udongo wa ndani nao ni mzigo: tani 7,5 hivi, na bamba tani 1,8, na tanki tani 5,1. Jumla tani 14,4 juu ya mita mraba 6,25. Ni kilo 0,23 kwa sentimita mraba, chini bado ya kapita wa mguu mmoja.

Vipimo vya pembe nne vitaandikwa katika kaye moja itakayokaa ofisini kwa Bwana Mkurugenzi wa masomo, na vitarudiwa kila mwisho wa mwezi mpaka mvua za Machi ziishe. Sisi wakati huo tutakuwa tumekwisha kuondoka. Tunaomba kila darasa la mwaka wa tano lichague watu wawili wa kushika kaye hiyo, na wajifunze sasa kutumia mpira, tungali hapa.

Hesabu kwa wadogo wetu: tanki ya lita 2000 ina mviringo wa mita 1,20 chini, na tupu ina kilo 45. (a) Inakandamiza kilo ngapi kwa sentimita mraba ikilala juu ya bamba? (b) Ikisimama juu ya miguu minne ya sentimita 25 kwa 25? (c) Mguu mmoja ukizama, mitatu inabeba ngapi kila mmoja, na kwa nini jibu hilo bado si la kweli? Majibu yaletwe kwa kapita wa darasa la kumaliza mbele ya Ijumaa. Atakayejibu (c) vizuri atapewa zamu ya kushika mpira wa kupimia, si ya gogo.